WhatsApp Barazani, Debian Ndani

Kompyuta ninayoandikia haya inaendeshwa na Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na karibu kila kilichomo ndani yake naweza kukifungua nikakitazama. Programu ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu za duka, ya kusikilizia Qur'ani alfajiri, hata kiini cha Linux chenyewe: msimbo wake uko wazi, na leseni zake zinaniruhusu kuutumia nitakavyo, kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani. Imebaki programu moja isiyoingia katika hesabu hiyo, nayo ndiyo inayolia kutwa nzima. WhatsApp.

Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza kompyuta za mitumba, karibu na Mwembe Tayari hapa Mombasa. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 2025, wanaokuja kutaka Linux wameongezeka, maana mashine zao bado zina nguvu lakini Windows 11 haizikubali. Swali lao la kwanza halihusu printa wala Word. Wanauliza: "Ami, nikihamia huku, WhatsApp itakuwaje?" Na wapo wengine, wachache, waliosoma kuhusu harakati za programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ambao huniuliza kwa ukali zaidi: mbona wewe mwenyewe unayo?

Nawajibu wote hapa, kwa kirefu.

Mfumo endeshi nauchagua peke yangu. Siku niliyoiweka Debian sikuhitaji ridhaa ya mtu. Nikituma faili ya PDF, anayeipokea hajui imetoka kwenye mashine ya namna gani, wala hajali. Mazungumzo hayachaguliwi hivyo. Yana mtu wa pili, na hapa kwetu yana watu mia mbili: ukoo, mtaa, wazazi wa darasa la mtoto, kamati ya madrasa, chama cha kinamama. Mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hahamishi ukoo mzima kutoka programu moja kwenda nyingine. Anayelipima jambo hili kama usafi wa nafsi yake, kwamba ana programu fungwa, ile isiyoonyesha msimbo wake, ama hana, analiangalia upande mdogo. Jambo lenyewe ni letu sote tulio ndani ya mazungumzo.

Nitoe mfano mzito kuliko yote. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, huenda amezikwa kabla ya alasiri. Akifariki mchana, usiku huo huo. Zamani watu walitumwa mtaa kwa mtaa, Kibokoni, Kuze, Majengo, mpaka Kisauni, na misikiti ikatangaza. Siku hizi huingia ujumbe mmoja kwenye grupu la ukoo: inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, jina la marehemu, msiba uko nyumba gani, jeneza litasaliwa Msikiti wa Konzi saa ngapi, maziko Kikowani. Kabla chai haijapoa ujumbe umeshafika Lamu, Tanga, Muscat na Dubai. Aliye nje ya grupu husikia watu wakiwa wamesharudi makaburini. Hakuna hoja ya programu huria itakayomfariji aliyekosa kumsalia shangazi yake. Mimi siko tayari kukosa, wala simshauri mtu akose. Halafu inakuja khitma, mchango, nani apike na nani alete mikeka, na yote hupangwa humo humo. Harusi hali kadhalika, ila harusi angalau ina muda wa kualika.

Kwa hiyo nguvu ya WhatsApp haitokani na ustadi wa programu yenyewe. Programu za kupeleka maneno, picha na sauti zimeandikwa tele, na nyingine ni nzuri kuliko hiyo. Nguvu yake ni majina yetu yaliyomo. Hili ndilo linaloniuma: kilichotushika humo ni kupendana kwetu na kuzikana kwetu, na juu ya hicho kampuni imejenga mali isiyo na mlango wa kutokea.

Wala haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 1999 Mmarekani Jeremie Miller alitangaza mradi wa Jabber, na kutokana na mradi huo ikazaliwa itifaki ya XMPP, yaani taratibu za programu kupitishiana ujumbe, iliyotolewa rasmi mwaka 2004 kama kanuni ya wazi ya intaneti. Mpango wake ulikuwa ule wa barua pepe: kila anayetaka anaweka seva yake, mashine ya kupokea na kupitisha ujumbe, na mwenye akaunti kwenye seva hii anazungumza na mwenye akaunti kwenye seva ile. Google Talk ilipoanza mwaka 2005 ilitumia XMPP, na mwaka uliofuata ikafungua njia kwa seva za wengine. Facebook nayo ilifungua mlango wa XMPP mwaka 2010. Miaka hiyo, mtu wa Linux alikuwa na programu ya mazungumzo iitwayo Pidgin: dirisha moja, marafiki wa kila mahali wamo, na msimbo wa dirisha hilo ulikuwa huria. Nilikuwa nikiwaonyesha wateja kama fahari. Mwaka 2013 Google ikaanza kuwahamishia watu kwenye Hangouts, programu yake mpya ya mazungumzo, ambayo haikuzungumza na seva za nje. Mwaka 2015 Facebook ikafunga mlango wake. Hakuna aliyetuuliza.

WhatsApp nayo ilianzia huko huko. Jan Koum na Brian Acton walipoianzisha mwaka 2009, seva zao zilitumia ejabberd, ambayo ni seva huria ya XMPP iliyoandikwa kwa lugha ya Erlang, juu ya FreeBSD, mfumo endeshi huria. Wakaibadilisha na kuibadilisha mpaka ikawa kitu chao wenyewe. Hawakuvunja sheria yoyote. Leseni ya ejabberd, GPL, humdai mtu atoe msimbo pale anapogawa programu kwa wengine. Anayeiendesha kwenye seva zake mwenyewe hadaiwi kitu. Pengo hilo lilijulikana, na leseni ya AGPL ya mwaka 2007 iliandikwa ili kuliziba, lakini kazi nyingi zilikwisha kutolewa chini ya leseni za zamani. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19. Na mwaka 2016, walipomaliza kuwasimbia watu ujumbe wao mwanzo hadi mwisho, usisomeke ila na anayeandika na anayepokea, njia waliyotumia ilitoka kwa waandishi wa Signal, programu nyingine ya mazungumzo, ambao nao ni watu wa programu huria. Basi kazi ya waliotoa msimbo wao wazi imo ndani ya WhatsApp toka chini mpaka juu, na sisi tunaotumia mifumo ya watu hao hao hatuna hata programu rasmi ya kompyuta.

Namaanisha hivyo hasa. Mwaka 2016 ilitolewa programu ya kompyuta kwa Windows na kwa Mac. Kwa Linux haikutolewa. Tulichonacho ni WhatsApp Web, ukurasa wa kivinjari ulioanza Januari 2015. Na huo nao hausimami peke yake: akaunti hufunguliwa kwa simu, na simu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumiwa, kompyuta ulizounganisha zinatolewa nje. Uwe na kompyuta huru namna gani, ufunguo wa mazungumzo yako unakaa kwenye simu.

Skype nitaipitia upesi. Ilianza mwaka 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2011, na pwani hii ilikuwa na maana kubwa. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipotua hapa Mombasa kutoka baharini mwaka 2009, mtu aliweza hatimaye kuuona uso wa nduguye aliye Muscat bila picha kukwama kila dakika. Mei 2025 Microsoft ikaifunga. Programu ya zaidi ya miaka 20 ikaishia kwa tangazo la kampuni. Nayataja haya kwa ajili ya wanaodhani WhatsApp haiwezi kuondoka.

Sasa nije kwa yule kijana anayeuliza itakuwaje, maana hapa pana mengi ya kusema ambayo mafundi wengi hawayasemi.

Nyumba ya Kiswahili ya Mji wa Kale ina baraza nje, ina daka, ukumbi wa mlangoni, kisha ndani. Mgeni usiyemjua vizuri unamkaribisha kwa heshima, unampa kahawa na halua, mnazungumza hata jua lichwe, naye amekaa barazani. Hivyo ndivyo ninavyoiweka WhatsApp kwenye mashine ya mteja, na sababu zake ni za kiufundi kabisa.

Kwenye Linux madirisha yamechorwa kwa miaka mingi na X11, mfumo uliotoka mwaka 1987, wakati programu zote za kompyuta moja zilihesabiwa kuwa za kuaminika. Chini ya X11, programu yoyote yenye dirisha inaweza kusikiliza vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine, na inaweza kupiga picha ya skrini nzima. Huhitaji kuipa ruhusa. Ukiandika neno la siri la benki huku programu fungwa ya mazungumzo ikiwa wazi pembeni, kinachokulinda ni nia njema ya aliyeiandika. Wayland, unaochukua nafasi ya X11, umeufunga uwazi huo, na hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuhamia. Lakini Wayland haugusi faili zako. Programu uliyoianzisha wewe inasoma kila unachoweza kusoma wewe: picha za watoto, barua za wakili, hesabu za duka, funguo za siri za kuingilia seva.

Ndiyo maana sipendi vifurushi vya programu fungwa vinavyopakuliwa kwenye tovuti za kampuni na kuwekwa moja kwa moja. Kifurushi cha .deb huwekwa kwa mamlaka kamili ya msimamizi wa mashine, na vingine hujiandikia hazina yao wenyewe, yaani mahali pa kupakulia, kwenye orodha ya apt, chombo cha Debian cha kuweka na kusasisha programu, hivyo kila unaposasisha mfumo unawafungulia tena. Flatpak, namna nyingine ya kuweka programu kwenye Linux, ni afadhali, kwa kuwa programu inafungiwa chumba chake na kuona folda zile tu ilizoruhusiwa. Ila tazama ruhusa hizo kabla ya kuweka, maana baadhi huomba folda yako nzima ya nyumbani na mfumo ukawapa.

Kwa WhatsApp, kivinjari kinatosha. Nafungua wasifu wa pekee kwenye Firefox, usio na kitu kingine chochote: hakuna barua pepe humo, hakuna benki, hakuna historia ya nilichosoma. WhatsApp Web inafunguliwa humo tu. Kivinjari hakiiruhusu kusoma faili isipokuwa ile niliyoichagua mimi kwa mkono wangu, na kipaza sauti na kamera havifunguki mpaka nikubali. Kwa anayetaka kinga zaidi, kama mwandishi wa habari au karani wa wakili, namtengenezea mtumiaji wa pili kabisa kwenye mashine, na WhatsApp inaishi huko. Programu zile unazozikuta kwenye Linux zikijiita za WhatsApp, nyingi ni ukurasa huo huo umewekwa fremu na mtu mwingine. Zinakuongezea mtu wa kumwamini na hazikupunguzii yeyote.

Bado ukurasa ule ni programu fungwa. Kila unapoufungua, msimbo wake unaletwa upya kutoka kwenye seva za kampuni, na wewe huna njia nyepesi ya kujua kama wa leo ni ule wa jana. Mimi naamini kwamba maneno yetu yamesimbwa. Lakini kusimba maneno hakufichi nani anazungumza na nani, saa ngapi, mara ngapi, na wako pamoja kwenye magrupu gani. Katika mji kama huu ambamo watu wanajuana kwa koo na kwa misikiti, orodha hiyo peke yake inasema mengi. Na daftari la namba zako likisomwa, wamesomwa pia walioamua kutokuwamo. Hili unaweza kulipunguza kwenye simu: inyime WhatsApp ruhusa ya kusoma majina. Itaendelea kufanya kazi, ingawa utaona namba mahali pa baadhi ya majina.

Neno moja kuhusu GB WhatsApp, ile WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine, kwa kuwa vijana wa hapa wanaipenda na wengine huiita ya uhuru. Haina uhuru wowote. Msimbo wake umefungwa vile vile, walioitengeneza hawajulikani, inapakuliwa nje ya maduka rasmi ya programu, na unaiachia akaunti yako yote mikononi. WhatsApp wenyewe huwafungia akaunti wanaokutwa nayo. Kubadilisha bwana si kujikomboa. Nawaomba, iondoeni.

Nje ya WhatsApp kuna njia, na nitazisema kwa kadiri ninavyozithamini. Signal naiheshimu sana. Programu yake ni huria, ya kompyuta inawekwa kwenye Debian bila taabu, na haikusanyi orodha ya nani na nani. Brian Acton, aliyeondoka WhatsApp, ndiye aliyetoa dola milioni 50 mwaka 2018 kuanzisha taasisi inayoiendesha. Upungufu wake ni kwamba seva ni za mwenyewe mmoja na inadai namba ya simu. Telegram ina programu huria pia, lakini seva zake zimefungwa, na mazungumzo yake ya kawaida hayasimbwi mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hapa hawalijui hilo na wanaitumia kwa siri zao. Na kila chenye mwenyewe mmoja kinazimika kwa mara moja: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita, kwa hitilafu ya mpangilio kwenye mitambo ya kampuni moja.

Nyumbani kwangu tunatumia XMPP, ile ile ya mwaka 1999. Haikufa. Simu zina Conversations, programu ya XMPP inayopatikana bure F-Droid, duka la programu huria. Kompyuta yangu ina Dino, ya kazi hiyo hiyo. Seva ni mashine ndogo ya kukodi. Ujumbe unasimbwa, sauti na picha zinapita, simu ya video inafanya kazi. Mke wangu yumo, watoto wamo, na ndugu yangu aliye Muscat yumo. Mamangu nilimweleza habari za seva na itifaki akanisikiliza kwa subira, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nataka nikibonyeza hapa nikusikie. Basi." Nikaiweka Conversations pale pale alipozoea kubonyeza. Sasa sauti zake za asubuhi, za dua na za kuuliza kama nimekula, zinapita kwenye seva yetu wenyewe. Shida iliyopo ni ya simu za bei nafuu, ambazo ili kutunza betri huzima programu zote zisizo maarufu. Lazima uingie kwenye mipangilio uiruhusu iendelee nyuma ya pazia, na hili nalifanya kwa mkono kwa kila mwanafamilia.

Lakini grupu la ukoo liko WhatsApp. Litaendelea kuwako huko kwa muda mrefu, na bidii yangu peke yangu haitalitoa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa programu huria wanaodhani dawa ni kuhubiri mpaka kila mtu ahame. Tumeshaona dawa nyingine ikifanya kazi, na tumeiona hapa hapa Kenya.

Mtu wa Safaricom humpigia wa Airtel, na hakuna anayeona ajabu. Tangu mwaka 2011 unaweza kuhama kampuni ukabaki na namba yako. Mwaka 2018 ikawezekana kutuma pesa moja kwa moja kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money. Hayo hayakuja kwa wateja kuhubiriana. Yalikuja kwa kampuni kutakiwa zifungue milango. Ulaya wamelifikisha hilo kwenye mazungumzo yenyewe: sheria yao ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp, tangu Machi 2024, iziruhusu programu nyingine ziunganishwe nayo zikiomba. Mtu wa huko ameanza kuweza kuwa kwenye programu nyingine akamwandikia mamake aliye WhatsApp. Sheria hiyo haifiki Kilindini.

Nasi tunayo yetu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa kila mtu haki ya kupewa data zake kwa namna inayosomeka na kompyuta, na kuzipeleka kwa mwingine. Haki hiyo nikiidai leo nitapewa faili, na faili haina shangazi wala binamu ndani yake. Wao wamebaki walikokuwa, na programu niliyohamia haiwezi kuwafikia. Kinachohitajika ni sharti la pili, kwamba kampuni yenye watu wengi iwe na mlango ambao programu nyingine, huria zikiwemo, zinaweza kupitishia ujumbe, usimbaji ukiwa pale pale. Wabunge wa pwani wanaweza kulipeleka hilo. Mamlaka ya mawasiliano, iliyosimamia kuhama na namba mwaka 2011, inaweza kulianzisha. Na sisi mafundi tunaweza kuacha kulinyamazia kila mteja anapouliza WhatsApp itakuwaje, tukamwambia kwamba jibu la nusu liko kwenye Firefox, na nusu nyingine lazima tuidai Nairobi. Namba ya simu iliruhusiwa kuhama. Nataka na grupu la ukoo wetu liruhusiwe.